Nimechimba kaburi nikiwa nimechoma insulini, sukari ikashuka, watu wakazuia nisipewe soda

#1 MwanaUjiji

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuweka kiporo wiki mbili kwa aibu. Jana mpwa wangu kaniambia, "Mjomba, usipowaambia watu, siku nyingine watakunyima tena." Basi naandika. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nina kisukari mwaka wa tisa huu. Nilianza na vidonge, vikazidiwa, sasa nachoma insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maji ya mchele, asubuhi na jioni. Kazi yangu useremala: milango, vitanda, na msimu ukiwa mzuri mitumbwi.

Siku yenyewe tulikuwa na msiba wa jirani hapa Ujiji. Alifariki usiku, maziko yakapangwa kabla ya adhuhuri. Saa 12 asubuhi nikachoma kama kawaida, nikajisemea uji nitaukuta hukohuko msibani. Msibani nani anapika uji saa 1? Nikapewa kikombe cha chai ya rangi, na kwa kuwa mtaa mzima unajua nina sukari, kikaja kikavu. Nikanywa, nikabeba sururu, tukaelekea makaburini.

Waliowahi kuchimba kaburi wanaelewa. Juu udongo laini unakudanganya, ukishuka kidogo unakutana na changarawe. Tulikuwa tunapokezana. Zamu ya kwanza nilikuwa poa kabisa. Zamu ya pili, kama saa 4 hivi, jasho likaanza. Sikulijali, maana kila mtu alikuwa anatoka jasho. Ila la kwangu lilikuwa la baridi. Fulana imenigandia mgongoni kama nimetoka ziwani, na jua lote lile nasikia baridi. Mpini wa sururu nikauona miwili. Nikapiga, ikatua sentimita chache kutoka kwenye mguu wa mwenzangu. Akafoka, "Angalia basi wewe!" Nikataka kumjibu, maneno yakatoka mazito kama nimeweka kokoto mdomoni. Halafu nikacheka. Yaani niko ndani ya kaburi la mtu, nacheka.

Wakanivuta juu. Mmoja akasema huyu kapitia kilabuni. Mwingine akasema hapa makaburini pana wenyewe, asomewe. Nikaanza kusomewa. Dua siikatai, nilikuwa naihitaji, lakini nilihitaji na kingine. Kijana mmoja akakimbia dukani akarudi na soda ya chungwa imeshafunguliwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akamdaka mkono: "Unataka kumuua? Huyu ana sukari!" Wote wakaitikia, kweli, kweli, asipewe. Mimi nimelazwa chini ya mwembe, naiona ile chupa inavuja matone, ulimi hauna uwezo wa kusema nipeni.

Aliyeniokoa ni huyo mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, huwa ananisindikiza kliniki. Alikuja na ndoo ya maji akakuta mkusanyiko. Akamwambia mzee kwa adabu, "Babu, shikamoo. Mjomba sukari imeshuka, haijapanda. Iliyopanda haimfanyi mtu atetemeke na kulowa ghafla hivi. Hata kama nimekosea, soda moja haitamuua leo. Akiikosa, anaweza kufa hapa hapa." Mzee akaachia.

Nusu nilikunywa, nusu ilimwagikia kifuani. Baada ya robo saa hivi nikaanza kuwajua watu kwa majina. Nilipofikishwa nyumbani mashine ikasoma 3.4, na hapo soda imeshaingia.

Sasa swali langu ni hili. Mchana nilikula wali wa msiba kidogo, nikalala. Saa 9 alasiri mke wangu ananiamsha, shuka limelowa. Kupima, 3.1. Ilishapanda, mbona ikashuka tena? Wataalamu karibuni.

#2 Mpita Njia

Aisee. Nacheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Huyo kijana mlipieni ada ya chuo kabisa.

#3 Nesi wa Isevya

Pole sana kaka. Mimi ni nesi, niko Tabora, kwenye kliniki ya kisukari nimekaa muda wa kutosha kusikia kisa kama chako karibu kila mwezi, ila cha kaburini ni cha kwanza.

Mpwa wako yuko sahihi kwa asilimia zote. Sukari ya juu inaumiza figo, macho na miguu kwa miaka, na ikipanda sana nayo inalaza mtu hospitali. Lakini ya chini inaangusha mtu ndani ya dakika, kwa sababu ubongo unaitegemea sukari kama taa inavyotegemea mafuta. Maneno mazito, kucheka ovyo, ukali usio na sababu, huo ndio ubongo unaolia njaa. Ndiyo maana mtaani mnasema kalewa au kapandisha.

Namba za kushika: ikisoma chini ya 3.9 imeshuka, fanya kitu. Chini ya 3.0 ni hatari. Ukikutana na mashine inayosema 70 au 54, ni zilezile, inahesabu kwa miligramu.

Cha kufanya: gramu 15 hivi za sukari inayokimbia. Vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (siyo ile isiyo na sukari, mtamaliza kreti bure), au kijiko kikubwa cha asali. Subiri dakika 15, pima. Bado chini ya 3.9? Rudia. Ikishapanda, kula chakula cha kukaa tumboni: ndizi, muhogo, chapati, ugali, chochote kilichopo. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Soda ni kama moto wa mabua, unawaka na kuzima. Insulini ya mchanganyiko ina sehemu inayofanya kazi mpaka saa nyingi baadaye. Na misuli iliyochimba kaburi inaendelea kunyonya sukari kwenye damu ili ijaze ghala lake, hata ukiwa umelala. Wali kidogo haukutosha kushindana na vyote viwili.

Lakini kuna jambo halijakaa sawa. Dozi hiyo umeitumia muda gani, na umeshawahi kufanya kazi ngumu nayo? Na kichupa ulichochoma siku hiyo kilikuwa cha zamani au umekifungua karibuni?

#4 MwanaUjiji

Dada nesi, swali la kichupa limenishtua. Ngoja niseme ukweli wote.

Kile cha zamani nilikuwa nakiweka juu ya kabati, na juu ya kabati ni bati, hakuna dari. Mwezi wote ule sukari ilikuwa 13, 14, 15. Nikaona dozi ndogo, nikajiongezea yuniti 6 bila kumuuliza mtu. Kipya nilikichukua kliniki siku tatu kabla ya msiba. Dozi nikaacha ileile niliyojiongezea.

#5 Nesi wa Isevya

Ndiyo hiyo kaka. Kichupa cha zamani kilipikwa na bati, nguvu ikaisha, ukawa unachoma maji tu. Ukaongeza yuniti kufidia dawa iliyokufa. Ilipokuja dawa hai, zile yuniti 6 zikawa za ziada kweli. Ongeza chai kavu, ongeza sururu. Msiba ulikuwa wa jirani, ulitaka kuwa na wako.

Kisichofunguliwa kinakaa kwenye friji, digrii 2 mpaka 8, mbali na sehemu ya barafu, ikiganda imeharibika. Unachotumia, kama huna friji, weka kwenye mtungi: chungu kikubwa, ndani mchanga uliolowa maji, katikati chungu kidogo chenye kichupa kilichofungwa kisiingie maji, funika na kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo. Bibi zetu walipoza maji hivyo hivyo. Andika tarehe ya kufungua kwenye karatasi yake, ikifika wiki nne mpaka sita kulingana na maelezo ya aina yake, achana nacho hata kama kimebaki.

Na tafadhali, kesho nenda kliniki na daftari lako, uwaambie hizo yuniti 6. Hawatakufokea. Na wakikufoka, vumilia, bora kufokewa.

#6 Dokta Mizizi

Ndugu zangu insulini ndiyo inayowamaliza. Ninayo dawa ya miti shamba, siku 21 sukari kwaheri. Unaacha sindano moja kwa moja. Mwenye uhitaji anitafute pembeni.

#7 Mrina Asali

Dokta, siku 21 ni za kuangua vifaranga.

#8 Nesi wa Isevya

Namjibu kwa ajili ya wasomaji. Mtu ambaye kongosho lake halitoi insulini, akiacha sindano anaweza kufa ndani ya siku chache. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1922 huko Kanada, kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa anasubiri siku zake tu. Na wale wanaochanganya miti shamba na vidonge bila kusema, baadhi ya mimea nayo inashusha sukari, viwili vikikutana unaanguka. Unakunywa? Sema kliniki, wajue.

#9 Mtoto wa Kasulu

Habari za humu. Mama yangu ana miaka 71, hatumii sindano, anatumia metformini na kile kidonge kidogo, glibenklamaidi. Mwezi uliopita tulimkuta asubuhi anaongea na watu waliokufa zamani, anamwita marehemu baba. Tukajua ni malaria imepanda kichwani au uzee. Tukampeleka zahanati, wakampima, 2.4. Wakamwekea dripu ya glukosi akazinduka, tukaruhusiwa saa 7 mchana. Jioni akarudia hali ileile. Ina maana vidonge navyo vinashusha?

#10 Nesi wa Isevya

Vinashusha, na hicho ulichokitaja ndicho tunachokiogopa zaidi kwa wazee. Metformini ikiwa peke yake mara chache sana itamwangusha mtu. Glibenklamaidi inalikamua kongosho litoe insulini, iwe mtu amekula au hakula, na figo za mzee zikiwa zimechoka dawa inakaa mwilini muda mrefu. Kwa hiyo aliyeshuka kwa kidonge hicho akizinduka bado hajapona. Anatakiwa alazwe, apimwe kila baada ya saa chache, mara nyingi usiku mzima au zaidi.

Mpeleke mama, mwombe daktari apime figo na aangalie kama dawa hiyo bado inamfaa. Na muulize kwa upole kama anakula vizuri. Wazee wengi wanameza dawa saa 1 kwa sababu wameambiwa saa 1, chakula kinaiva saa 5.

Halafu hilo la malaria. Huku kwetu homa yoyote ni malaria, na ni kweli tunayo. Malaria kali yenyewe inashusha sukari, na dripu ya kwinini nayo inashusha. Mwenye kisukari akiugua homa, hali chakula, anatapika, apimwe vyote viwili, asipimwe kimoja.

#11 MwanaUjiji

Nimetoka kliniki leo. Dozi imerudishwa ilipokuwa. Nimefokewa, ila kwa adabu.

#12 Mrina Asali

Mimi niko Sikonge, narina asali, nina sukari mwaka wa nne. Porini tunakaa siku kadhaa. Nauliza mambo mawili. Kwanza, wateja wananiambia asali ya miombo haipandishi sukari, mgonjwa ale tu. Pili, nikinywa wanzuki, ile pombe ya asali, jioni, asubuhi naamka natetemeka na kichwa kinagonga. Wanzuki si ni asali? Ilitakiwa inipandishe.

#13 Nesi wa Isevya

Mrina, najua unauza na sitaki kukuharibia biashara, lakini asali inapandisha. Ndiyo maana nimeiweka kwenye dawa ya kushuka. Kopo lako la porini liite kopo la dharura, siyo la kitafunwa.

Wanzuki: ile asali chachu imeshaila, kilichobaki kikubwa ni pombe. Usiku ukiwa hujala, ini ndilo linalotoa sukari kidogo kidogo mpaka asubuhi. Likipata pombe, linaacha kazi hiyo lishughulike na pombe kwanza. Kama umechoma au umemeza dawa, na jioni ulikula nyama choma bila ugali, unashuka usingizini. Na mbaya zaidi utanukia pombe, kwa hiyo hata ukianguka watu watasema mwacheni alale atazindukana. Ukiacha itakuwa vizuri. Usipoacha, usinywe tumbo tupu, kunywa kidogo, pima kabla ya kulala.

#14 Mrina Asali

Nimekuelewa dada. Hilo la "mwacheni alale" limenikumbusha mtu. Sitaki kuandika zaidi.

#15 Bodaboda wa Mwanga

Mimi ilinikuta kwenye pikipiki, nina abiria, mteremko wa kwenda stesheni. Nilipita kona bila kuiona. Mungu tu. Siku hizi nikihisi tu midomo inakufa ganzi nasimama, nashuka, nakula glukosi, abiria akinuna anune. Swali: nikishakula naweza kuondoka baada ya dakika ngapi?

#16 Nesi wa Isevya

Usiwahi. Mashine ikishasoma vizuri, mpe ubongo kama dakika 45 ndiyo ushike usukani. Mwili unahisi umepona kabla macho na mikono havijawa sawa. Na pima kabla ya kuanza kazi.

#17 Bodaboda wa Mwanga

Dakika 45 ni abiria watatu hao. Sawa lakini.

#18 Binti Gungu

Vijiti vya kupimia ni bei, mimi natumia kimoja kwa siku na kingine nakiwekea akiba. Nikihisi dalili na sina kijiti nifanyeje? Na kuna siku nilipima 11 huku natetemeka kabisa, nikaacha kunywa sukari, nusura nizimie.

#19 Nesi wa Isevya

Huna kijiti, una dalili: kula sukari. Usibishane na mwili kwa sababu ya kijiti.

Hiyo 11, ulikuwa umeshika nini?

#20 Binti Gungu

Nilikuwa namenya maembe... Dah.

#21 Nesi wa Isevya

Ulipima embe. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe kidole.

#22 Binti Gungu

Nimecheka peke yangu jikoni. Na Ramadhani je? Mwaka jana nilifungua saa 10 jioni, imeshuka 3.3, nikalia kwa kuona nimeshindwa.

#23 MwanaUjiji

Hapo nijibu mimi. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani yenyewe, sura ya Baqara aya ya 184 na 185. Imamu wetu alisema wazi msikitini, kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, na ukiona imeshuka chini ya hapo nesi alipotaja, fungua saa hiyo hata kama adhana imebakiza dakika tano. Cha muhimu uende kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, wakupangie dozi upya au wakushauri usifunge. Mimi wameshaniambia nisifunge. Roho iliniuma, sasa imezoea.

#24 Karabai

Wakuu, nimesoma uzi wote nikiwa mwaloni. Mimi mvuvi wa dagaa, hapa Kibirizi. Nachoma kama mleta uzi, asubuhi na jioni. Tatizo langu ni mwezi. Usiku wa giza tunaingia ziwani magharibi, tunatoka alfajiri, kazi ni kuvuta nyavu usiku kucha. Mbalamwezi ikiwa kubwa hatuvui, nalala nyumbani kama bosi. Dozi ni ileile. Usiku wa giza nimeshashuka mara tatu. Zamani nilikuwa natetemeka nikajua, sasa sitetemeki, napotea tu. Mara ya mwisho wenzangu walinikuta nimekaa nimeshika kamba, naitwa siitiki, taa inawaka mbele yangu.

#25 Nesi wa Isevya

Kaka Karabai, wewe ndiye umenitisha humu kuliko wa kaburini. Wa kaburini alikuwa na nchi kavu.

Kutotetemeka ni kwa sababu umeshuka mara nyingi. Mwili umechoka kupiga kelele, umezoea. Ukikaa wiki kadhaa bila kushuka, dalili mara nyingi zinarudi. Kwa hiyo nenda kliniki kabla ya giza lijalo, waeleze hivyo hivyo ulivyoeleza hapa: siku za giza nafanya hivi, siku za mbalamwezi nafanya hivi. Wanaweza kukupangia dozi mbili tofauti, ya ziwani na ya nyumbani. Usijipangie mwenyewe, umeona ya yuniti 6. Wakati unasubiri, kula ugali wako kamili kabla ya kuingia, na usiku wa manane kula tena, usisubiri njaa, maana njaa yako imeshakuwa bubu.

Na wenzako wote wa mtumbwi wajue. Ukiwa macho na unameza, wakupe sukari. Ukiwa hujitambui, wasikumiminie kitu mdomoni, itaingia mapafuni. Wakulaze ubavu, warudi pwani kwa kasi yote, ukatundikiwe dripu ya glukosi. Wakiwa mbali sana, wanaweza kukupaka unga kidogo wa glukosi uliolowa ndani ya shavu, wewe ukiwa ubavu hivyo hivyo, kidole kisipite meno.

#26 MwanaUjiji

Karabai, mimi sasa hivi natembea na sukari kwenye kichupa cha dawa, mfuko wa shati. Wewe kwenye maji utafanyaje?

#27 Karabai

Nimerudi wakuu. Kliniki nimeenda, nimepewa dozi ya giza na dozi ya mbalamwezi, imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu mbili. Mwezi umeshapungua, kesho kutwa tunaingia. Glukosi nimeiweka kwenye chupa ya maji yenye mdomo mpana, nimekaza kifuniko, nimeifunga kwa kamba kwenye ubao ninaokalia.

#28 MwanaUjiji

Na nahodha umemwambia?

#29 Karabai

Nimemwambia mbele ya wote. Akasema ameelewa, nikinyamaza nyamaza tu ananipa. Halafu akauliza kama na yeye anaruhusiwa kulamba, usiku ni mrefu.

#30 Nesi wa Isevya

Mwambie anunue ya kwake.